Usiku Mmoja wa Kipupwe: Kutunza Bustani, Maua na Ghala Mwezi Juni Hadi Agosti

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za maendeleo za sharika, mwezi Mei. Tumeichapa karibu yote kwa manufaa ya sharika ambazo hazikuwakilishwa, na kwa marafiki wanaotuunga mkono.)



Awali ya yote tunamshukuru Mungu kwa mvua aliyotujalia na kwa mavuno ambayo wengi wenu mmeyaacha shambani ili kuja hapa. Tunawashukuru ninyi wanakamati mliopanda malori ya viazi na bodaboda tangu alfajiri ili kufika kwa wakati. Tunawashukuru pia marafiki wa dayosisi walioketi nasi, pamoja na wale watakaoyasoma maneno haya wakiwa mbali.

Mada tuliyopewa inaonekana ndogo. Hatuzungumzii kisima wala zahanati. Tunazungumzia baridi: namna ya kutunza bustani, maua ya nyumbani na mboga zilizo ghalani kuanzia sasa mpaka mwezi wa nane. Mtu anaweza kuuliza, je, semina nzima kwa ajili ya kabichi? Tunaomba mtuvumilie, na mwisho mtahukumu wenyewe.

Baridi yetu si ya Ulaya

Wageni kutoka Ulaya wakisikia tunalalamika juu ya baridi, hutabasamu. Kwao theluji hulala juu ya ardhi kwa wiki nyingi. Sisi tuko takriban nyuzi tisa tu kusini mwa Ikweta. Lakini tuko juu. Mji wa Njombe uko karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo, ule ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu na ambao ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, uko kama mita 2,600. Katika kipupwe, yaani Juni hadi Agosti, usiku wa huku huweza kushuka hadi sifuri na chini yake. Hapo umande huganda juu ya majani. Hiyo ndiyo sakitu, ambayo wengi wetu tunaiita barafu tu.

Tena kuna jambo moja ambalo wageni wetu huenda hawalijui. Kule kwao mmea huonywa mapema. Siku hupungua, baridi huongezeka kidogo kidogo, mti hupukutisha majani na kulala. Kwetu mmea hauonywi. Mchana wa Juni jua linawaka, mtu anafanya kazi akiwa amevaa shati tu, na nyanya inaendelea kutoa chipukizi laini kana kwamba ni mwezi wa pili. Usiku huohuo sakitu inashuka. Mmea unakutwa macho, tena uchi. Ndiyo maana usiku mmoja tu kwetu unaweza kufanya kazi ambayo kwingine hufanywa na majira mazima.

Kwa nini kamati ya usharika ihusike

Ndugu zangu, mikoa yetu inalisha nchi. Viazi mviringo vya Njombe vinaliwa Dar es Salaam kila siku. Pamoja na hayo, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba, wakati kwa taifa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, Njombe ni kama 50 na Iringa ni kama 57. Tunalisha wengine, na nusu ya watoto wetu wamedumaa.

Sababu ni nyingi na hatutazimaliza leo. Mama hana muda, maji si salama, ugali na viazi vinajaza tumbo bila kujenga mwili. Lakini sababu moja iko mikononi mwetu: mboga na maharage hupotea mezani katika miezi hii ya ukavu. Mvua zikikatika mwezi wa tano, mashamba ya mlimani yanakauka. Kinachobaki ni vinyungu, zile bustani za mabondeni zinazotegemea unyevu wa mto. Kinyungu ndicho sahani ya mtoto kuanzia Juni mpaka mvua za Novemba. Kinyungu kikiungua usiku mmoja, mtoto wa miezi minane hana namna ya kungoja mpaka Novemba.

Sasa tazameni mtego wenyewe. Hewa ya baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Usiku hutiririka kutoka mlimani kama maji, ikatuama bondeni. Maji yako bondeni, kwa hiyo bustani iko bondeni, na sakitu nayo iko bondeni. Hatuwezi kumwambia mama ahamishe kinyungu, kwa sababu mto hauhami. Inatubidi tujifunze kuishi na jirani huyu.

Kosa letu

Kabla ya kuwafundisha, tunapaswa kukiri jambo.

Miaka michache iliyopita mradi wetu ulianzisha bustani za kaya katika mitaa kadhaa iliyo bondeni. Tulifundisha matandazo: kila tuta lifunikwe kwa nyasi kavu, nene, mwaka mzima. Somo lenyewe ni zuri. Matandazo hutunza unyevu, huzuia magugu na huokoa mgongo wa mama anayechota maji. Akina mama walitii kwa moyo wote. Tulipiga picha, tukaziweka katika taarifa ya robo mwaka.

Mwezi wa Juni, usiku mmoja usio na wingu wala upepo, sakitu ilishuka. Asubuhi simu ziliita. Tulipofika, nyanya na maharage ya kikundi yalikuwa meusi, yamelegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Akina mama walisimama kando ya matuta bila kusema neno. Mmoja wao alikuwa amembeba mtoto mgongoni, na tulijua kwamba mtoto yule alikuwa katika orodha yetu ya wale wenye uzito pungufu.

Kilichotuuma zaidi kilikuwa ng'ambo ya mfereji. Huko kulikuwa na kinyungu cha bibi mmoja ambaye hakuwa mwanakikundi na hakuhudhuria somo letu hata moja. Maharage yake yalikuwa yameungua ncha tu. Tukamwuliza ametumia dawa gani. Akacheka, akasema hana dawa. Jana yake mchana aliona mbingu imetakata na upepo umekufa, akamwagilia, na jioni akafunika matuta yake kwa nyasi juu ya fito. Kisha akatutazama akasema, "Ninyi blanketi mmeifunika ardhi, mtoto mmemwacha nje."

Bibi yule alisema kweli. Mchana ardhi hupokea joto la jua na kulihifadhi. Usiku huliachia polepole, na joto hilo ndilo linaloupa mmea mfupi nafasi ya kupona. Matandazo mazito yaliyolazwa juu ya udongo huzuia mambo yote mawili: jua lisiingie mchana, na joto lisitoke usiku. Tofauti inaweza kuwa nyuzijoto moja au mbili tu, lakini panapokaribia sifuri nyuzijoto moja ndiyo uhai wa maharage.

Katika taarifa ya robo ile tuliandika "hasara iliyotokana na hali ya hewa". Leo tunasema mbele yenu na mbele ya marafiki waliotoa fedha zile: sehemu ya hasara ile ilitokana na hali ya hewa, na sehemu ilitokana na sisi. Tulichukua somo lililo kweli mwezi wa pili, tukalifundisha kana kwamba ni kweli mwezi wa sita. Tuliwaomba radhi akina mama, tukarudisha mbegu. Miezi ile ya mboga hatukuweza kuirudisha.

Kusoma usiku

Sasa tuingie kwenye kazi. Jambo la kwanza ni kuutambua usiku wa hatari. Usiku wa mawingu hauna sakitu, kwa kuwa mawingu huzuia joto la ardhi lisipotee angani. Usiku wa upepo nao kwa kawaida ni salama, kwa kuwa upepo huchanganya hewa ya juu na ya chini. Usiku wa hatari ni ule mzuri kwa macho: nyota zote zinaonekana, hakuna jani linalotikisika, na hewa ni kavu. Ukiona saa kumi na mbili jioni pumzi yako inafanya moshi, usingoje kuambiwa.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa msimu wa kipupwe pamoja na tahadhari za baridi kali. Tunaomba kila kamati imteue mtu mmoja wa kusikiliza redio au kufuatilia kwa simu. Siku ya hatari kengele ya kanisa igongwe saa kumi jioni. Kengele haihitaji chaji wala vocha, na inasikika mpaka bondeni.

Bustani

Tuanze na mpangilio, maana unafanyika mara moja tu kwa msimu.

Si mimea yote inayoogopa sakitu sawa. Kabichi, sukuma wiki, karoti, vitunguu saumu na liki huvumilia. Tena sukuma wiki na karoti zikipigwa na baridi huwa tamu zaidi, kwa kuwa mmea hugeuza wanga wake kuwa sukari ili kujikinga. Njegere majani yake huvumilia, ila maua na maganda machanga huharibika. Wasiovumilia kabisa ni nyanya, maharage, maboga, pilipili na majani ya viazi mviringo. Kwa hiyo sehemu ya chini kabisa ya kinyungu tuwape wavumilivu. Wale dhaifu wapande juu kidogo kwenye mteremko, hata kama ni hatua kumi tu. Maji ya kopo yanaweza kubebwa hatua kumi.

Pili, tazameni uzio. Wengi wetu tunazungushia bustani mabua au matete mazito ili kuzuia mbuzi. Uzio mzito ulio upande wa chini huzuia hewa ya baridi isiendelee kushuka, ikajaa ndani kama maji kwenye bwawa. Acheni mwanya upande wa chini, muuzibe kwa fito chache zilizoachana. Mbuzi atazuiwa na baridi itapita.

Tatu, mbolea. Kuanzia mwezi wa nne msitie mbolea nyingi ya kukuzia kwenye mimea dhaifu. Hutoa majani mengi laini, na majani laini ndiyo ya kwanza kufa.

Siku yenyewe ya hatari fanyeni hivi:

1. Saa sita hadi saa tisa mchana, sogezeni matandazo pembeni ya tuta ili jua liguse udongo, kisha mwagilieni udongo, si majani. Udongo wenye unyevu hubeba joto kuliko udongo mkavu.

2. Kabla jua halijazama, funikeni. Simikeni fito zenye panda, laza fito nyingine juu, kisha nyasi, mkeka wa matete, shuka kuukuu au magunia. Kifuniko kisiguse majani, na pande zake zifike chini ili joto lisitoroke. Nailoni ikigusa jani, jani litaungua palepale lilipoguswa.

3. Asubuhi, jua likishapasha hewa, ondoeni kifuniko. Mmea uliofunikwa siku nzima hudhoofika na kupata ukungu.

4. Matandazo yarudishwe pale hatari inapopita. Hatukuyakataa matandazo. Tumejifunza tu kwamba yana majira yake.

Asubuhi baada ya sakitu kuna makosa mawili. La kwanza ni kuvuna au kuyashika majani yakiwa bado yameganda. Yaacheni yayeyuke yenyewe. La pili ni kukata tamaa na kung'oa. Mmea unaoonekana umekufa Jumatatu unaweza kuchipua wiki mbili baadaye. Ngojeni muone uhai umeishia wapi, ndipo mkate.

Tunaulizwa sana kuhusu moshi. Wengine huchoma majani mabichi ili moshi uifunike bustani. Tunawasihi muache. Moshi hauzuii joto la ardhi kupotea kama wingu linavyozuia. Unachokoza macho tu, na kipupwe chetu ni wakati wa ukavu. Cheche moja inaweza kuteketeza msitu wa misonobari wa kijiji kizima.

Miche ya parachichi na matofaa

Kaya nyingi zimewekeza katika parachichi. Mti mkubwa hustahimili baridi kiasi, lakini mche wa mwaka wa kwanza na wa pili ni mtoto mchanga. Usipandwe chini ya bonde kabisa, hata kama udongo wa pale ni mzuri. Mwezi wa tano ujengewe kijumba cha nyasi juu ya fito nne, na mlango wake uelekee kaskazini. Tunasema kaskazini kwa sababu mwezi Juni jua letu hupita upande huo, hivyo mche utapata joto la mchana. Ukiungua, usiukate kabla ya joto kurudi na chipukizi mpya kuonekana. Tena mchimbe pale mliko upandikizo: chipukizi likitoka chini ya kovu la kupandikiza, huo si mti mliounulia, ni shina la asili.

Mtofaa ni kinyume kabisa. Wenye miti hiyo Makete wanajua kwamba hupukutisha majani na kwamba unaihitaji baridi ili utoe maua vizuri. Msiufunike. Wakati wa usingizi wake, Julai hadi mwanzo wa Agosti, ndio wakati wa kupogoa na kuondoa matawi makavu.

Maua na makopo ya nyumbani

Hapa tutapita haraka, ingawa akina mama wa nyumba za wachungaji wameomba tusiwasahau. Begonia na mimea mingine laini ya barazani iingizwe ndani jioni, iwekwe karibu na dirisha lenye mwanga wa mchana, ila jani lisiguse kioo usiku. Maji yapunguzwe. Katika baridi mmea hunywa kidogo, na maua mengi ya nyumbani hayafi kwa kiu, hufa kwa huruma ya mwenye nyumba. Ingiza kidole kwenye udongo. Kama ncha inatoka na unyevu, acha. Mishubiri hasa isimwagiliwe mpaka udongo ukauke kabisa. Katika makopo hayohayo mnaweza kuwa na pilipili na giligilani dirishani, mkawa na kiungo kibichi kipupwe chote.

Jambo moja si la maua, ni la uhai. Kuna wanaoingiza jiko la mkaa ndani, wakafunga madirisha, ili nyumba na miche vipate joto. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina rangi wala harufu, na imeua familia zikiwa usingizini. Tangazeni kanisani kila Jumapili ya kipupwe: jiko la mkaa lisilale ndani.

Akiba na ghala

Wahenga walisema akiba haiozi. Pengine walikuwa hawajahifadhi viazi katika gunia la nailoni.

Mkulima wetu anavuna, bei iko chini, mchuuzi anakuja na lumbesa, naye anauza kwa sababu hana pa kuweka. Miezi miwili baadaye ananunua viazi dukani kwa kisado. Ghala zuri ni afya na ni fedha.

Viazi vya kula. Wiki mbili kabla ya kuvuna, kateni majani ili ngozi ikomae. Vuneni siku kavu, viacheni vikauke kivulini kwa saa chache, msivioshe. Vilivyokatwa na jembe vitengwe viliwe kwanza. Vilivyobaki viwekwe mahali penye giza, pa ubaridi, penye kupitisha hewa, juu ya chanja na si sakafuni, na rundo lisizidi kimo cha kiuno. Kila wiki pitieni mtoe kilichooza, maana kimoja huambukiza jirani zake. Visiachwe nje usiku wa sakitu. Kiazi kilichoganda kikiyeyuka hutoa maji na kuoza.

Kiazi kilichogeuka kijani kwa kukaa kwenye mwanga kina sumu, na kuchemsha hakuiondoi. Msimpe mtoto, wala msiuze.

Viazi vya mbegu. Hapa ndipo watu wengi wanakosea, kwa kuwa mahitaji yake ni kinyume. Mbegu inataka mwanga hafifu, usio wa jua la moja kwa moja. Itandazwe juu ya chanja tabaka mbili au tatu, chini ya paa la nyasi, pande zikiwa wazi kwa hewa. Itageuka kijani na kutoa chipukizi fupi, nene na imara. Ikifichwa gizani, chipukizi hurefuka, nyeupe kama nyuzi, na kukatika siku ya kupanda. Kwa kifupi: cha kula gizani, cha kupanda penye mwanga. Akina baba, msivichanganye katika gunia moja.

Karoti. Kateni majani, zipangeni kwenye boksi lenye mchanga wenye unyevu kidogo, zisigusane, pawe na giza. Zinazovumilia zaidi ziacheni ardhini mkang'oa za siku hiyo tu.

Kabichi. Ng'oeni na mzizi wake, acheni majani ya nje, zining'inizeni vichwa chini mahali pa ubaridi. Zitadumu wiki kadhaa.

Vitunguu. Vikaushwe mpaka shingo iwe nyembamba na kavu, kisha vifungwe mafungu na kuning'inizwa. Visikae pamoja na viazi, kwa sababu viazi hutoa unyevu unaoviozesha.

Maboga. Yavunwe kabla ya sakitu pamoja na kikonyo chake, yaanikwe siku kadhaa ngozi ikauke, yakae kwenye rafu yasigusane. Boga lisilo na kikonyo huanza kuoza palepale.

Mboga za majani. Majani ya maboga na ya kunde yapitishwe kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, yachujwe, yakaushwe kivulini na si juani. Jua kali huharibu vitamini A, ambayo ndiyo mtoto wetu anaihitaji. Yakiwa makavu kabisa yafungwe katika chombo kikavu chenye mfuniko, yakae gizani.

Tunachoomba kwa sharika

Hatuombi kila usharika uanzishe mradi mpya. Tunaomba mambo manne. Mwezi huu wa Mei, kamati itembelee vinyungu vya mtaa wake na kuweka alama mahali sakitu inapoanzia kila mwaka. Wazee wanapajua, waulizwe. Pili, vijana wakate fito na kukusanya nyasi za kufunikia kabla ya Juni, wakianza na kaya za wajane, wazee na wenye watoto walio katika orodha ya kliniki. Tatu, kengele ya saa kumi. Nne, kila usharika uwe na chanja moja ya mfano ya mbegu za viazi karibu na kanisa, ili watu waione wakitoka ibadani. Inajengwa kwa miti na nyasi tulizonazo.

Na kwa marafiki wetu

Mara nyingi mmetuuliza mnaweza kujenga nini. Tunashukuru sana. Safari hii jibu letu si jengo. Ghala kubwa la matofali lililofungwa pande zote lina ubao mzuri wa jina ukutani, lakini viazi havipumui ndani yake. Kinachotusaidia zaidi ni nauli ya bwana shamba kufika mitaa ya mbali mara tatu kwa msimu, vipimajoto vichache vya kuning'iniza mabondeni, na subira yenu pale taarifa yetu itakaposema "tulikosea". Taarifa isiyo na kosa hata moja, isomeni mara mbili.

Ndugu wapendwa, sote tunaijua habari ya Yusufu aliyejaza maghala ya Misri katika miaka ya shibe. Huwa tunamsifu kwa kuzielewa ndoto. Tumsifu pia kwa kazi ya ghala, maana ndoto bila ghala isingemlisha mtu.

Yule bibi wa ng'ambo ya mfereji sasa hufundisha pamoja nasi. Hana cheti, na kila mara tunapomwita mwalimu huinamisha uso. Mwaka uliofuata sakitu ilishuka tena bondeni mwake. Saa kumi jioni kengele iligongwa, watoto wakakimbia na magunia, na vijana wakabeba fito. Asubuhi tulipoondoa nyasi mvuke ulipanda kutoka kwenye matuta, na maharage yalikuwa yamesimama. Si yote. Matuta mawili ya mwisho, karibu na mto, yaliungua. Lakini wiki ile watoto walikula maharage.

Saa za jioni moja za kazi, kwa miezi mitatu ya mboga. Hesabu hiyo kila kamati inaweza kuipiga.

Tunawatakia kipupwe chema. Mungu awabariki, na tuonane Septemba tukiwa na taarifa za kweli.